Spacio yangu imeacha kumisi: gereji ya fundi umeme, Msamvu, Morogoro

Jana nilipeleka keki ya ghorofa tatu Kidatu, kilomita 150 na ushee kutoka Morogoro mjini. Nikapita hifadhi ya Mikumi kwenda na kurudi, na gari halikushtuka hata mara moja. Mwenye gari zima hatashangaa. Mimi nilifika nyumbani saa nne usiku, nikazima injini, nikakaa ndani dakika kadhaa nikimshukuru Mungu, maana tangu Machi gari hili lilikuwa linanipa mashaka kila nilipowasha, na mafundi watatu walishalipitia bila kulimaliza. Wa nne ndiye aliyeuona ugonjwa. Nilimwahidi nitamwandikia ili watu wamfahamu, na hapa natimiza ahadi.

Kazi yangu ni keki, niko Kihonda. Gari ni Toyota Corolla Spacio ya 2002, injini ya 1NZ, ile ya cc 1,500, gia otomatiki. Nililinunua mwaka 2016 kwa mtu aliyekuwa analitumia hapa hapa nchini likiwa na kilomita 141,000. Leo dashibodi inasoma 287,000 na kitu. Viti vya nyuma nimevilaza, juu yake nimetandika sponji na mkeka wa mpira, na hapo ndipo keki inaposafiria. Krimu ya siagi kwa joto la Morogoro inakaa kwa kubembelezwa. Gari likishtuka mara tatu mfululizo ghorofa ya juu inahama, maua yanalegea, na bibi harusi hana muda wa kusikiliza habari za injini.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi gari linawaka vizuri na kutulia vizuri. Naweza kuzunguka mjini siku tatu, nne, Kihonda hadi Soko la Chifu Kingalu na kurudi, hakuna kitu. Halafu siku moja napandisha kilima au natoka kwenye tuta, linaanza kumisi: tuk, tuk, tuk, usukani unatetema mikononi, nguvu inashuka, nakanyaga mafuta haliitiki. Linafanya hivyo sekunde kumi, siku nyingine dakika mbili, kisha linaacha lenyewe. Taa ya injini haiwaki. Nikifika kwa fundi gari ni zima kabisa, linanguruma kama limetoka bandarini jana, na fundi ananitazama kama mtu aliyekuja kusingizia gari.

Gereji ya kwanza walibadilisha plagi. Sikatai, plagi zilikuwa za muda mrefu, na nilipoziona ncha zake zimeliwa nilikubali mwenyewe. Plagi nne na ufundi vikagharimu 63,000. Gari likakaa siku tisa bila kumisi, nikafurahi, siku ya kumi likarudia mbele ya Chuo Kikuu cha Mzumbe.

Gereji ya pili walikuja na mashine. Kwanza walijaribu kile kidude kidogo cha bluetooth kinachosomwa kwa simu, kikakataa kuongea na gari; magari mengi ya miaka ile yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe yana lugha yake, na vidude vya bei rahisi haviielewi. Wakaleta mashine kubwa, ikasoma, ikasema hakuna kosa lolote. Hapo ndipo nilipotakiwa kuondoka na fedha zangu. Badala yake nikaambiwa kwamba injini hizi ugonjwa wake ni koili, vile vinavyoipa plagi umeme, na zote nne zibadilishwe kwa pamoja. Koili moja 45,000, mara nne ni 180,000, na mashine 20,000. Nikalipa 200,000. Sisemi walikuwa wezi. Ni kweli koili za injini hizi huchoka zikizeeka, na ni kweli zikichoka gari humisi. Kosa lao ni kwamba hawakuziona zikikosea. Walibahatisha kwa fedha yangu.

Jumamosi ya mwisho ya Mei nikachukua oda ya Kidatu nikiamini gari limepona. Tukapita Melela, tukapita Doma, tukaingia hifadhini. Msaidizi wangu, binti wa miaka 19, alikaa nyuma pembeni ya keki. Kwenye hifadhi ile kuna matuta mengi ya kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, na kushuka garini hairuhusiwi. Tuta la kwanza salama, la pili salama. Kwenye la tatu, wakati nakanyaga mafuta kutoka, likaanza. Nikawasha taa za hatari, nikasogea pembeni ya lami, malori yanapita yananipigia honi, upande wa kushoto swala wamesimama wanatuangalia. Binti alikuwa ameikumbatia keki kwa mikono miwili, mashavu yake yamejaa krimu, anasema, "Mama, usisimame, nenda hivyo hivyo polepole." Nikaenda hivyo hivyo, kilomita 20 kwa saa, linatetema, linaacha, linatetema tena. Tulifika Kidatu tumechelewa saa moja na nusu, na ghorofa ya juu nilitengeneza upya jikoni kwa watu, nimepiga magoti sakafuni.

Baada ya hapo nikaenda gereji ya tatu. Huyu alisema ni mafuta machafu, kwamba kuna vituo vinachanganya petroli na mafuta ya taa. Zamani jambo hilo lilikuwa kubwa kweli, ndiyo maana tangu 2010 mafuta yanawekwa vinasaba, yaani alama ya kugundua yaliyochakachuliwa. Lakini mimi najaza kituo kile kile miaka yote, na bodaboda wanaojaza hapo hapo hawalalamiki. Akasafisha nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, kwa 40,000, akafungua tanki akabadilisha pampu ya mafuta na chujio lake, 170,000 pamoja na ufundi. Jumla mpaka hapo nilikuwa nimetoa 473,000, na gari lilimisi nikiwa natoka getini kwake.

Sasa gereji yenyewe ninayotaka kuisema. Iko Msamvu, ukitoka stendi ya mabasi unaifikia kwa mguu, banda la bati lenye mti wa mwarobaini mbele. Haina ukumbi wala picha za magari ukutani. Fundi ni mzee wa miaka sitini hivi, anafanya umeme wa magari tu. Gia hagusi, shoksi hagusi, rangi hagusi. Ukimpelekea atakuelekeza kwa mwingine. Nilielekezwa kwake na dereva wa Noah ya abiria ambaye aliniambia, "Huyo mzee hana haraka, lakini akikwambia amepata, amepata."

Nikamsalimia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mama. Gari linasumbua nini?" Nikaanza kueleza mambo ya plagi, koili na pampu. Akanikatiza kwa upole: "Walichobadilisha utaniambia baadaye. Kwanza niambie linachofanya."

Akaniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na fundi yeyote. Linaanza likiwa la baridi au likishapata moto? Mvua ikinyesha linazidi? Tanki likikaribia kuisha je? AC ikiwashwa? Linapopanda au linaposhuka? Ukipita kwenye shimo? Ukikata kona ya kulia au ya kushoto? Bahati nzuri, kwenye daftari langu la oda nilikuwa naandika pembeni kila lilipomisi: tarehe, mahali, nilikuwa nafanya nini. Akaniomba daftari. Akavaa miwani, akakaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini, akasoma kurasa zote za Machi hadi Juni, na boneti bado limefungwa. Nakiri nilianza kukereka, maana nilikuja kutengenezewa gari. Dakika kumi baadaye akasema neno moja ambalo mafundi watatu hawakulisema: "Mama, hili linamisi likiwa linavuta. Mara kumi na nne umeandika, kumi na mbili ni mlima au kutoka kwenye tuta. Hakuna hata moja la kushuka."

Akanieleza anavyofikiri, na hapa nilijifunza kitu. Kama pampu ndiyo mbovu, injini yote inakosa mafuta kwa pamoja, gari linakata pumzi lote, linalegea mpaka linazimika. Langu lilikuwa linatetema kwa mpigo, na mpigo maana yake silinda tatu zinafanya kazi na moja imebaki nyuma. Kama ni joto linaloua koili au sensa, lingemisi baada ya mwendo mrefu bila kujali mlima. Kama ni maji, lingechagua siku za mvua. Likichagua kuvuta, kuna kitu kinasogea injini inapojikaza.

Ndipo akafungua boneti. Kijana wake akaweka mawe mbele na nyuma ya matairi. Akaniambia nikae kwenye usukani, nivute breki ya mkono, nikanyage breki ya mguu kwa nguvu zote, niweke D, halafu nikanyage mafuta kidogo kwa sekunde tatu nne tu. Alinionya nisije nikafanya hivyo nyumbani kwa muda mrefu kwa sababu gia inachemka. Nikafanya. Kupitia uwazi wa boneti niliona injini inainuka upande mmoja kama mtu anayeamka kitandani. Sikujua kwamba injini husogea kiasi kile. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna. Mara ya tatu: tuk, tuk, tuk. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi gari kumisi mbele ya fundi, na nilipiga kelele za furaha.

Akasema niweke rivasi, nifanye vile vile. Injini ikalalia upande wa pili, haikumisi. Tukarudia D mara tatu zaidi, ikamisi mara moja. Rivasi hata mara moja. Wakati huo kijana alikuwa amechuchumaa nyuma kwenye bomba la moshi. Mzee akamuuliza, "Petroli inanuka?" Kijana akasema hainuki. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Jibu lenyewe ni hili. Silinda ikikosa moto wa plagi, mafuta yanayopulizwa hayaungui, yanatoka mabichi kwenye moshi, na harufu ya petroli unaisikia. Ukiliacha hivyo muda mrefu, mafuta hayo yanakwenda kuunguza masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, na masega ni bei. Lakini silinda ikikosa mafuta yenyewe, hakuna harufu. Kwa hiyo koili zangu mpya nne, na zile za zamani nne nilizoziweka kwenye boksi, hazikuwa na kosa. Nozeli moja ndiyo ilikuwa haipati amri ya kufunguka. Nikamuuliza mbona mashine haikuonyesha. Akasema, "Kompyuta ya gari hili ikituma amri kwenye nozeli, haiulizi kama imefika."

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike maoni marefu kiasi hiki. Alichukua pini nne za kushonea, nyembamba, akazichomeka taratibu kwa nyuma kwenye soketi za nozeli zote nne, kila moja ikigusa chuma cha waya bila kuukata. Akaunganisha nyaya ndefu, akazipitisha juu ya boneti na kuziingiza kwenye dirisha la abiria. Mwisho wa kila waya kulikuwa na kitaa kidogo chekundu, kama vile vya kwenye redio. Akavitoboza vyote vinne kwenye kipande cha boksi la maji, akaandika 1, 2, 3, 4 kwa kalamu ya wino mzito, akabandika boksi juu ya dashibodi kwa tepu. Nikawasha injini. Taa zote nne zikaanza kupepesa. Injini ikiwa inazunguka mara 700 kwa dakika, kila nozeli inapuliza mara 350, karibu mara sita kwa sekunde, na unaziona kwa macho zikipokezana kama watoto wanaoruka kamba. Miaka yote hii naendesha gari, sikuwahi kuona injini yangu ikifanya kazi. Nilibaki nimeziangalia mpaka akaniambia twende.

Tukatoka, yeye kiti cha abiria, tukapanda Boma Road kuelekea milimani. "Wewe endesha kama siku zote, mama, usiangalie taa. Hiyo ni kazi yangu." Mwendo ukiongezeka taa hazipepesi tena kwa macho, zinaonekana kama zimewaka moja kwa moja. Tulipofika pale barabara inapoinuka nikakanyaga mafuta, na gari likaanza kutetema. Nikasikia mzee anasema, "Tatu. Tatu imezima." Nikashindwa kujizuia, nikaangalia. Moja, mbili na nne zilikuwa zinawaka. Ya tatu ilikuwa nyeusi. Ikawaka, ikazima, ikawaka, na usukani ulikuwa unatetema kila ilipozima. Nikapunguza mafuta, ikarudi, gari likatulia.

Tuliporudi gereji alifungua ganda la ule mkungu wa nyaya unaopita juu ya nozeli. Tepu ya zamani ilikuwa imekauka kwa joto, inabanduka kama ganda la kitunguu. Akautafuta waya wa nozeli ya tatu, akaanza kuuvuta kidogo kidogo kati ya vidole viwili, sentimita kwa sentimita. Akaniita nishike mwenyewe. Sehemu zote waya ulikuwa mgumu. Kama upana wa kiganja kutoka kwenye soketi, ukafika mahali ukavutika na kuwa mwembamba, laini, kama utumbo wa kuku. Kwa nje hakuna alama yoyote, ganda lake zima. Akalipasua kwa wembe. Ndani shaba ilikuwa imekatika, ncha mbili nyeusi zinatazamana, zimebaki kugusana tu. Injini ikitulia zinagusana. Injini ikijikaza kupanda mlima, zinaachana. Laki nne na sabini na tatu elfu, na miezi mitatu ya kulala nikiwaza, zilikuwa kwenye uwazi usiofika punje ya ulezi.

Mwingine angeunganisha hapo na kuchukua fedha yake. Yeye akauliza kwa nini umekatika hapo na si kwingine. Akanionyesha kamba nyeupe ya plastiki ya kufungia nyaya, ambayo kiwandani haikuwekwa: fundi fulani zamani alikuwa ameubana mkungu ule kwenye chuma cha bodi ili usining'inie. Nyaya zinazotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi lazima ziachiwe ulegevu, kwa sababu injini inasogea na bodi haisogei. Halafu akachukua mtaimbo, akaiinua injini kidogo, akanionyesha raba inayoishikilia, ile wanayoiita mauntingi. Ilikuwa imechanika, unaona mwanga upande wa pili. Kwa hiyo injini ilikuwa inainuka kuliko inavyotakiwa, na kila ikiinuka inauvuta ule waya uliofungwa. Ilichukua miaka kukatika. Alisema injini za hivi zikitunzwa oili zinakwenda mbali sana; kinachokufa kwanza kwenye gari la kilomita nyingi ni raba, plastiki na maganda ya nyaya, vitu vinavyopikwa na joto kila siku na ambavyo hakuna anayevifanyia sevisi.

Alikata kipande kibovu, akaunga waya mpya wa unene ule ule, mrefu kidogo kuliko wa mwanzo, akachomelea kwa risasi na kuvalisha mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Maungio aliyaweka mbali na mahali panapokunjika, kwa sababu risasi inaufanya waya kuwa mgumu, na waya mgumu ukikunjwa kila siku unakatika tena. Ile kamba nyeupe akaitupa. Mauntingi hakuwa nayo. Hauzi spea, na hakutaka kuninunulia. Aliniandikia kwenye karatasi, nikaenda kuitafuta mwenyewe, nikapata ya mtumba iliyo nzima kwa 60,000, na fundi wa jirani yake akaifunga kwa 20,000. Mzee mwenyewe alitaka 30,000 ya kupima na 25,000 ya kutengeneza waya. Jumla 135,000. Ile ya kupima anaitaka hata asipoupata ugonjwa, na anakwambia hivyo kabla hajaanza. Najua wengi wetu tumezoea kwamba kuangalia ni bure na fedha iko kwenye spea. Mimi baada ya haya nasema afadhali nimlipe mtu kwa kutafuta, kwa sababu anayeangalia bure atarudisha gharama yake kwenye kitu atakachokubadilishia.

Yasiyonipendeza nayo niyaseme, maana yapo. Anashika gari moja tu kwa wakati, kwa hiyo nilisubiri siku mbili kabla ya kuguswa, na kwa mwenye oda siku mbili ni nyingi. Simu hapokei akiwa kazini. Ukitaka kujua umefikia wapi, uende. Pa kukaa ni kigoda kimoja na tairi, na choo ni cha kuomba kwa majirani. Alama za vidole vyenye grisi zilibaki kwenye kitambaa cha kiti changu cha abiria, nimezisugua mara mbili na bado naziona. Gari la chakula linahitaji usafi, na nilimwambia hivyo. Alisikitika kweli, akamwagiza kijana aanze kuweka mfuko wa nailoni kwenye viti. Bili alinipa ya kuandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, ila kila kitu kiko humo, mpaka pini.

Ukienda kwake, usimtajie spea ulizobadilisha. Mpelekee siku, mahali na mwendo. Jaza mafuta ya kutosha, kwa sababu atataka kupanda nawe kwenye gari. Ijumaa mchana hufunga kwa ajili ya swala, hurudi saa tisa. Asubuhi fika kabla ya saa mbili, la sivyo utakuta gari la mtu mwingine limeshafunguliwa.

Ile safari ya jana ilikuwa kipimo alichonipa mwenyewe: niende mbali, nibebe mzigo, nipite matuta yote, kisha nirudi nimwambie. Fedha ya waya alikataa kuipokea mpaka nitakaporudi, kwa hiyo leo asubuhi nimepita Msamvu kumpa 25,000 yake. Akauliza swali moja tu, "Na kwenye lile tuta la tatu?" Nikamwambia hata hapo halikushtuka. Akafungua boneti akagusa nyaya za nozeli nyingine kwa vidole, akaniambia maganda yake nayo yameshaanza kuwa magumu, nimrudishie gari mwezi wa nane abadilishe kipande chote. Nimeshaandika kwenye daftari, ukurasa wa oda za Agosti, juu kabisa.